Ala ya Kisu cha Kale: Utambuzi na Thamani Yake

Kiswahili kina maneno mawili yanayotamkwa ala. La kwanza, lenye asili ya Kiarabu, ni chombo cha kazi au cha muziki. La pili ni kifuko cha kisu, sime au upanga, ambacho wingi wake wa zamani ni nyala. Makala haya yahusu hili la pili, nayo yakusudia kueleza jinsi ala kuukuu za Kitale na Bungoma zinavyoweza kutambuliwa na kuthaminiwa. Mara nyingi kisu hutunzwa kwa ajili ya makali yake, ilhali ala huachwa ioze au huuzwa peke yake. Na ala iliyotengwa na kisu chake ni nusu ya ushahidi.

Utambuzi huanza na umbo. Sime hupanuka karibu na ncha; kwa hiyo mdomo wa ala yake hauna budi kuwa mpana kuliko shina la sime yenyewe. Kwa kawaida ala hiyo ni mbao mbili nyembamba zilizovikwa ngozi. Kaskazini mwa Kitale, Wapokot na Waturkana wana kisu cha duara kivaliwacho kwenye kifundo cha mkono, ambacho Waturkana hukiita abarait. Makali yake yako kwenye ukingo wa nje, na ala yake ni ukanda wa ngozi ufunikao ukingo huo. Asiyejua huudhani kipande cha mshipi.

Baada ya umbo hutazamwa mshono na uchakavu. Uzi wa nailoni, uliovumbuliwa katika miaka ya 1930, hauwezi kuwa wa asili katika ala isemwayo kuwa ya karne ya 19; ama ala imeshonwa upya, ama madai si ya kweli. Uchakavu wa haki huonekana pale mkono ulipozoea kushika na pale makali yalipokwaruza mdomo. Weusi wa moshi ulioenea sawasawa kila mahali ni wa kutiliwa shaka.

Kuhusu thamani, bei ya sokoni ni sehemu ndogo tu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu makumbusho na urithi huhesabu kuwa vya kale vitu vilivyotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895, na vitu hivyo havitolewi nje ya nchi bila kibali. Aidha, kuna visu visivyostahili kupimwa kwa fedha. Lukembe, kisu cha tohara cha Wabukusu, ni amana ya omukhebi na ukoo wake.

Thamani kubwa zaidi imo katika habari. Hata hivyo, habari nayo yataka kuchujwa. Mzee wa Bungoma akisema kwamba ala ilikuwa ya mtu wa rika la Maina, ikumbukwe kuwa marika ya Wabukusu ni manane, na majina yake hurudi baada ya takriban miaka mia moja. Yapasa kuuliza pia jina la mwaka wa tohara yake, ili babu asichanganywe na kilembwe.

Kwa hiyo, mwenye ala asiioshe, asiipake rangi, wala asiishone upya. Aandike jina lake kwa lugha ya wenyewe, mwenyewe wa kwanza, na mahali ilipotoka. Makumbusho ya Kitale, yaliyofunguliwa 1974 juu ya msingi wa hazina ya Hugh Stoneham, ni mahali pa kupata ushauri. Ngozi yaweza kudumu miaka mingi. Kumbukumbu ya mzee haina muda huo.