Pangani: Vivutio vya Mji Uliolelewa na Mto

Mji wa Pangani, ulio makao makuu ya wilaya yenye jina hilohilo katika Mkoa wa Tanga, umejengwa kwenye ukingo wa kaskazini wa mto, mahali ambapo maji yanayoshuka kutoka Kilimanjaro na Meru humaliza safari yake ya takriban kilomita 500 na kuingia Bahari ya Hindi. Ni mji mdogo ambao mtu huweza kuuzunguka kwa miguu katika asubuhi moja, lakini historia ya Mrima, yaani ukanda wa pwani ya bara unaotazamana na visiwa vya Unguja na Pemba, haiwezi kuandikwa bila kuutaja. Kwa kawaida mgeni huelekezwa kwenye kivutio kimoja baada ya kingine: boma, mtaa wa kale, fungu la mchanga baharini, mbuga ya wanyama. Makala haya yanashikilia kwamba vivutio hivyo vyote ni sura za habari moja, kwamba mto ndio unaoziunganisha, na kwamba anayepanga kuuhifadhi mji bila kuuhifadhi mto amepanga nusu ya kazi.

Bonde lililofungua njia ya bara

Mto Pangani huundwa na mito miwili, Kikuletwa na Ruvu, inayokutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Kutoka hapo hupita kando ya milima ya Upare na Usambara, ukapokea maji ya Mkomazi na Luengera, kisha ukaporomoka karibu na Hale kabla ya kutulia katika bonde lake la mwisho. Kwa sababu ya maporomoko hayo vyombo vya baharini havikuweza kupanda mbali, lakini bonde lenyewe liliwapa wasafiri maji, chakula na njia ya kuelekea milimani. Ndiyo sababu katika karne ya 19 Pangani ilikuwa mwanzo wa njia ya misafara, yaani makundi ya wafanyabiashara na wapagazi waliotembea kwa miguu miezi kadhaa kwenda Upare, Kilimanjaro na nchi ya Wamasai, wakipeleka nguo, shanga na nyaya za chuma na shaba, na kurudi na pembe za ndovu. Mwaka 1857 wasafiri Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke walipita hapo wakielekea Vugha, makao ya Kimweri, mtawala wa Wasambaa, miezi michache kabla ya kuanza safari yao ndefu ya kwenda Ziwa Tanganyika.

Biashara hiyo ilikuwa na upande wa kiza ambao mgeni hapaswi kufichwa. Watumwa waliuzwa na kusafirishwa kupitia Pangani, na wengine walibakizwa katika mashamba ya miwa yaliyotandaa kando ya mto. Njaa kubwa iliyoikumba nchi ya Wazigua katika miaka ya 1830 iliwasukuma watu wengi kwenye bandari za Mrima, ambako walipakiwa majahazini na kupelekwa mpaka Somalia. Waliofanikiwa kutoroka huko walijenga vijiji katika bonde la Mto Juba, na baadhi ya vizazi vyao vinazungumza Kizigua hadi leo.

Mji mkongwe na kumbukumbu ya vita

Nyumba za kale za Pangani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, huku dari zikibebwa na boriti, yaani miti ya mikoko iliyonyooka. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, na kwa hiyo vyumba vya nyumba nyingi za aina hiyo katika pwani ni vyembamba na virefu. Katika mtaa wa Uhindini, ambako wafanyabiashara wenye asili ya India waliweka maduka chini na makazi juu, bado zinaonekana roshani za mbao na milango ya nakshi, ingawa baadhi ya kuta zimeanza kubomoka. Boma, jengo kubwa lenye asili ya enzi ya Waarabu wa Omani ambalo Wajerumani walilibadilisha kwa matumizi ya serikali yao, limeendelea kuwa na shughuli za utawala wa wilaya. Masimulizi ya wenyeji husema kwamba watumwa walizikwa wakiwa hai ndani ya nguzo zake ili jengo liwe imara. Masimulizi hayo, hata pasipo ushahidi wa kuchimbuliwa, yanahifadhi kumbukumbu ya kweli kuhusu jasho na damu ya waliojenga majengo ya aina hiyo.

Tukio lililoipa Pangani nafasi ya pekee katika historia ya Tanzania ni vita vya mwaka 1888. Mwezi Aprili mwaka huo Sultani Khalifa bin Said wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kuikabidhi Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki usimamizi wa pwani kwa miaka 50, na mwezi Agosti watumishi wa kampuni walipofika Pangani kushika madaraka, walidharau bendera ya Sultani, mamlaka ya liwali, ambaye ndiye aliyekuwa mwakilishi wake, na heshima ya msikiti. Mji uliwaka. Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye shamba la miwa karibu na mto, akawa kiongozi mashuhuri wa mapambano, lakini mwanahistoria Jonathon Glassman, katika kitabu chake cha mwaka 1995, ameonyesha kwamba nguvu ya maasi ilitoka pia kwa wapagazi, watumwa na watu wa kawaida, ambao walikuwa na madai yao dhidi ya wakubwa wa mji wenyewe. Ujerumani ilimtuma Hermann von Wissmann na jeshi la askari wa kukodiwa, wakiwamo Wasudani. Pangani ilitekwa tena Julai 1889, na tarehe 15 Desemba 1889 Abushiri alinyongwa katika mji huohuo. Kwa mgeni Mtanzania, na hasa kwa mwanafunzi, kutembea katika mitaa hiyo ni kukutana na upinzani mkubwa uliotangulia Maji Maji kwa miaka 17.

Ng'ambo ya Bweni

Ukingo wa kusini wa mto unatawaliwa na kilima cha Bweni, ambacho kwa vizazi vingi kimefikiwa kwa kivuko na mitumbwi, na kutoka juu yake mtu huona kwa mara moja mji, mdomo wa mto na bahari iliyo wazi. Karibu na hapo ni Kikogwe, mahali ambapo uchumi wa Tanganyika ulipata mwelekeo mpya mwaka 1893, pale mtaalamu wa kilimo Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, na ikasalimika 62 tu baada ya safari ndefu ya baharini. Kutokana na miche hiyo michache kulitokea mashamba yaliyoifanya Tanganyika, kufikia katikati ya karne ya 20, kuwa mzalishaji mkubwa wa mkonge duniani, ikivuna zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka katika miaka ya mwanzo ya uhuru. Historia hiyo inastahili kuelezwa pamoja na habari za manamba, yaani vibarua wa mkataba walioletwa kutoka mbali kukata mkonge, kwa kuwa ndio walioujenga utajiri huo kwa mikono yao.

Safari ya mashua kupanda mto humwonyesha mgeni mikoko yenye mizizi iliyochomoza juu ya tope ili ipate hewa, ndege wa majini kama korongo na mdiria, na mara nyingine mamba waliojianika kingoni, huku minazi na vijiji vikipokezana na vichaka. Mikoko hiyo hushika udongo, hupunguza nguvu ya mawimbi na huwa malezi ya samaki na kamba wachanga wanaovuliwa baadaye baharini.

Bahari, magofu na mbuga

Kusini-mashariki mwa mdomo wa mto kuna Maziwe, iliyotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975, ilipokuwa bado kisiwa chenye mivinje na mahali muhimu mno pa kutagia kasa. Haikupita miaka mingi kisiwa kililiwa na maji. Ukataji wa miti na nguvu za mawimbi vimetajwa miongoni mwa sababu, na leo kilichobaki ni fungu la mchanga linaloonekana maji yanapokupwa na kufunikwa yanapojaa. Kasa waliendelea kurudi kutaga mahali ambapo mayai yao yangezama, kwa hiyo wahifadhi wakaanza kuyahamishia Ushongo, ufuko ulio kusini mwa mji, ambako huanguliwa kwa usalama. Wageni wanaokwenda Maziwe kuogelea na kutazama matumbawe hufuata ratiba ya maji, nayo hutegemea mwezi: wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hukupwa mbali na kujaa sana, na katika siku za maji mafu tofauti huwa ndogo.

Upande wa kaskazini wa mdomo wa mto huanza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ya Tanga, iliyoanzishwa mwaka 2009. Silikanti ni samaki wa kale ambaye wanasayansi waliamini alitoweka mamilioni ya miaka iliyopita, mpaka aliponaswa Afrika Kusini mwaka 1938. Wavuvi wa Tanzania walianza kumpata katika miaka ya 2000. Huishi kwenye kina kirefu, kwa hiyo mgeni hatarajii kumwona, lakini kuwepo kwake kunaonyesha thamani ya maji yanayoonekana ya kawaida kutoka ufukweni.

Barabara ya kwenda Tanga, iliyo umbali wa takriban kilomita 50, hupita Tongoni, penye magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo yapatayo 40, yaani makaburi yenye mnara wa jiwe uliosimamishwa kichwani, ambayo ni mkusanyiko mkubwa kuliko yote ya aina hiyo katika Afrika Mashariki. Upande wa kusini kuna Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005, yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 1,100. Ndiyo hifadhi ya taifa inayopakana na Bahari ya Hindi, na ndani yake ndovu, twiga na nyati huishi jirani na fukwe wanakotaga kasa.

Kazi ya kuhifadhi

Mto uliolea vivutio hivi unabanwa. Maji yake huzalisha umeme katika mitambo ya Nyumba ya Mungu, Hale na Pangani, na kabla ya hapo humwagilia mashamba ya Arusha na Kilimanjaro. Yanayosalia kufika pwani yanapopungua, maji ya chumvi hupanda zaidi mtoni, yakaathiri minazi, mashamba na visima vya walioko bondeni. Wakati huohuo mawimbi hula kingo, hata ikabidi kujengwa kuta za kuukinga mji. Kwa hiyo mgawo wa maji unaoamuliwa milimani ni suala la urithi wa Pangani, na wasimamizi wa bonde hawana budi kuuhesabu mdomo wa mto miongoni mwa watumiaji wenye haki.

Majengo nayo yana mahitaji yake ya kitaalamu. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua, yaani hupitisha unyevu na kuutoa. Ukikandikwa saruji, unyevu na chumvi hufungiwa ndani, na jiwe huoza polepole nyuma ya sura nzuri. Mafundi wanaojua chokaa bado wapo katika pwani yetu, na kuwaajiri wafundishe vijana wa Pangani kungehifadhi kuta na kuleta kipato kwa pamoja.

Mradi wa barabara ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo, pamoja na daraja la kuvuka mto, unaufanya wajibu huo kuwa wa haraka. Kivuko kilimlazimisha msafiri kusimama Pangani. Daraja humruhusu kupita bila kuteremka garini. Atakayesimama atasimama kwa sababu amekuta waongoza wageni waliofundwa historia ya mji, maelezo sahihi ya Kiswahili mahali alipokufa Abushiri na mahali ulipopandwa mkonge wa kwanza, nyumba zilizokarabatiwa kwa chokaa, na mto wenye maji ya kutosha. Mambo hayo yamo ndani ya uwezo wa halmashauri, mamlaka za mambo ya kale na wananchi wenyewe, na yanapaswa kupewa bajeti sasa, kabla magari hayajazoea kupita.