Gari Likilia, Lisikilize: Dalili za Hitilafu Ambazo Dereva Hafai Kupuuza

Magari mengi ya binafsi yaliyoko barabarani nchini Kenya huingizwa yakiwa tayari yametumika ng'ambo, na sheria huruhusu yale yasiyozidi miaka 8. Likitumika hapa miaka 10 zaidi, gari huwa linakaribia miaka 20, na sehemu zake nyingi za mpira na chuma zimeanza kulegea. Kwa sisi wakazi wa Taita Taveta, gari kama hilo hushuka kona za Wundanyi hadi Mwatate, hupita barabara za vumbi na mawe, kisha huingia barabara kuu ya Nairobi–Mombasa pamoja na malori. Ni vyema dereva ajue gari lake linasema nini kabla halijamkwamisha au kuhatarisha maisha.

Anza kwa kuuliza: inatokea lini?

Chuma husafirisha sauti, hivyo mlio unaousikia mbele huenda unatoka nyuma. Badala ya kuuliza unatoka wapi, chunguza unatokea lini. Egesha gari mahali tambarare penye hewa, vuta hendibreki, weka gia ya fri, kisha kanyaga mafuta polepole. Sauti ikisikika na kupanda pamoja na injini, chanzo kiko kwenye injini, mikanda yake au ekzosi. Kama husikii chochote mpaka gari liondoke, shuku magurudumu, breki au sehemu za chini ya gari. Usifanye jaribio hili kwenye mteremko. Kuteremka na fri ni hatari, kwani injini haikusaidii tena kupunguza mwendo na breki hupata moto.

Unapokanyaga breki

Breki pedi nyingi zina kipande kidogo cha chuma kinachogusa diski pedi zinapokaribia kwisha, na hapo ndipo mlio mkali mwembamba husikika. Huo ni wakati wa kubadilisha pedi. Ukingoja hadi usikie mkwaruzo wa chuma kwa chuma, diski pia itaharibika, gharama itaongezeka, na gari litachukua umbali mrefu zaidi kusimama. Pedali ikitetemeka mguuni kila unapopunguza mwendo, huenda diski hazijalingana unene.

Kasi inapopanda

Usukani ukianza kutetemeka unapofika kasi ya kilomita 80 hadi 100 kwa saa, mara nyingi magurudumu ya mbele hayajabalansiwa. Mtetemo ukisikika zaidi kwenye kiti, angalia ya nyuma. Kabla ya kulipa fundi, chungulia ndani ya rimu: tope lililokauka baada ya mvua linatosha kuleta mtetemo, na maji yataliondoa. Kagua pia tairi. Uvimbe ubavuni ni ishara kwamba tairi limekatika ndani na linaweza kupasuka.

Mvumo unaoongezeka na kasi huashiria beringi ya gurudumu. Ukikata kona ya kushoto na mvumo ukaongezeka, huenda ni beringi ya kulia, kwa sababu uzito wa gari huegemea upande huo.

Kwenye kona na matuta

Mlio wa "ka-ka-ka" unapokata kona kali huku ukikanyaga mafuta hutokana na jointi za shafti za magurudumu ya mbele. Tazama mpira unaozifunika. Ukipasuka, grisi hutoka na vumbi huingia. Mgongo mzito unapopita tuta au shimo huonyesha kwamba bushi, shokabsoba au boli jointi zimechoka. Boli jointi isichukuliwe kwa wepesi, kwani ikikatika gurudumu hulala na usukani hauongozi tena.

Kwenye injini

Kelele ya mkanda asubuhi ina maana kwamba umelegea au umezeeka. Katika magari mengi mkanda huo huendesha mtambo wa kuchaji betri, na katika baadhi yake pampu ya maji pia. Gari likitetemeka likiwa limesimama, angalia plagi na mipira inayoshikilia injini. Ekzosi iliyotoboka si kelele tu: moshi wake una gesi ya sumu isiyo na harufu, inayoweza kuingia ndani ya gari. Fungua madirisha na uitengeneze mapema.

Simama mara moja ikiwa:

• Injini inagonga au taa ya oili imewaka. Zima injini, kuendelea hata kwa kilomita chache kunaweza kuiua.
• Pedali ya breki inazama au breki zinakwaruza chuma.
• Gurudumu linagonga au kuyumba, hasa baada ya kubadilishwa tairi. Huenda nati zimelegea.
• Usukani umelegea au unavuta ghafla upande mmoja.

Toka barabarani kabisa, washa taa za tahadhari, weka pembetatu mbali nyuma ya gari, na abiria wakae mbali na barabara. Kukiwa na dharura, piga 999 au 112.

Ukifika kwa fundi

Usimwambie tu kwamba gari lina kelele. Mweleze kasi, barabara, kama injini ilikuwa baridi au moto, na kama ulikuwa umekanyaga breki au unakata kona. Rekodi sauti kwa simu, lakini abiria ndiye arekodi, si dereva. Mwombe fundi aendeshe gari nawe kabla ya kufungua chochote, na akuonyeshe kipuri kilichoharibika. Maelezo kamili humwondolea fundi kubahatisha, na hukuepusha kununua vipuri ambavyo gari lako halikuvihitaji.