Chakula cha Sikukuu kwa Mgonjwa wa Saratani

Someni neno hili polepole: sa-ra-ta-ni. Leo tutazungumza juu ya karamu ya Idi katika nyumba yenye mgonjwa wa saratani anayetiwa dawa mshipani.

Dawa hizo huua chembe za saratani, lakini hudhuru pia chembe zilizo nzima za kinywa, za tumbo na za damu. Ndiyo maana harufu ya vitunguu vinavyokaangwa yaweza kumtia kichefuchefu. Basi pikeni pilau uani, mbali na dirisha lake. Akiwa na vidonda mdomoni, msimpe pilipili, achari wala ndimu. Mpeni wali laini wenye mchuzi, yai lililoiva kabisa, au uji wa maziwa yaliyochemshwa. Mpakulieni kidogo kidogo, mara nyingi. Sinia lililojaa humkinaisha kabla hajaonja. Wala shangazi asimlazimishe kula. (Shangazi zetu hupenda sana kulazimisha!)

Jambo kubwa ni hili: nguvu za mwili wake za kupigana na vijidudu zimepungua. Mpakulieni yeye kwanza, chakula kikiwa moto, kabla mikono ya wageni haijaingia katika sinia. Nyama iliyokaa mezani kwa muda uzidio saa 2 asipewe. Joto la mwili wake likifika digrii 38, mpelekeni hospitali mara moja. Msingoje Idi imalizike.