Friji la gesi kutoka kwenye karavani kuukuu: unaweza kulitegemea kwa chanjo za kuku?

Mfugaji mmoja wa Ilala amenunua friji dogo kule Gerezani, limeng'olewa kwenye karavani, yaani kile kijumba cha kukokotwa na gari wanachosafiria watalii. Linatumia gesi. Yeye anafuga kuku wa nyama, umeme wa kwake unakatika mara kwa mara, na anataka kulitumia kutunzia chanjo ya Gumboro na ya mdondo. Akaniuliza, "Bwana shamba, hili nalifufuaje?" Kwa kuwa si yeye wa kwanza kuniuliza, nimeona niandike kwa wote.

Kwanza mjue kwamba friji hili si ndugu wa friji la nyumbani kwako. Halina kompresa, halina mota, hakuna kitu kinachozunguka. Ndani ya mabomba yake ya chuma mna maji, amonia na haidrojeni. Unawasha moto mdogo chini, amonia inatoka kwenye maji kama mvuke, inapanda juu, inapoa na kuwa kimiminika, halafu inakutana na haidrojeni na kugeuka mvuke tena. Hapo ndipo inaponyonya joto la ndani ya friji. Kisha inarudi kwenye maji na safari inaanza upya. Walioligundua ni wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922, na Electrolux ikaanza kuyatengeneza miaka michache baadaye. Wazee waliofanya kazi zahanati za vijijini wanayakumbuka yale ya mafuta ya taa yaliyotunza chanjo za watoto. Ni mtambo uleule.

Sasa, kabla hujanunua hata waya, linuse. Zunguka nyuma, weka pua karibu na mabomba. Harufu ya amonia wewe mfugaji unaijua, ni ile ya banda lenye maranda yaliyoloa. Halafu tafuta unga wa njano kwenye maungio ya mabomba. Ule unga ni dawa ya kuzuia kutu iliyomo ndani, na ukiuona nje ujue bomba limetoboka. Ukipata harufu au unga huo, usiguse unga kwa mikono, ni sumu, na biashara ya friji hilo imeishia hapo.

Hapa nasisitiza kwa sababu najua mafundi wetu ni wabunifu. Kuna fundi atakwambia, "Leta tu, nachomelea halafu najaza gesi." Mkatalie kwa adabu. Gesi ya friji la kompresa haihusiki kabisa humu. Na ndani mna haidrojeni iliyokaa kwa shinikizo kubwa. Haidrojeni inalipuka. Kuchomelea bomba hilo ni kuchezea uhai wa fundi na wa jirani zake.

Kama ni zima, kazi inayobaki nyingi ni usafi. Friji lililokaa miaka bila kuwashwa huwa na utando wa buibui, kutu na masizi pale moto unapowakia na kwenye bomba la moshi. Moto ukikosa hewa unakuwa wa njano, hautoi joto la kutosha, na friji halipoi. Ondoa kichomeo, kipige mswaki, safisha bomba la moshi kwa brashi ndefu. Humo ndani ya bomba la moshi kuna kipande cha chuma kilichojikunja kinachoning'inia kwa waya. Watu wengi wanakitupa wakidhani ni uchafu. Kirudishe, kazi yake ni kushikilia joto lisikimbie. Kile kitundu kidogo cha kupitishia gesi usikichokonoe kwa sindano, maana kikipanuka tu moto umeharibika. Kiloweke kwenye spiriti, kikauke.

Mpira wa gesi nunua mpya, na regyuleta iwe ya shinikizo dogo kama ya jiko la nyumbani, siyo ile ya majiko makubwa ya mama lishe. Paka povu la sabuni kwenye kila kiungo kabla ya kuwasha.

Mafriji mengi ya karavani yana njia tatu: gesi, betri ya gari ya volti 12, na umeme wa ukutani. Soma kibati chake kwanza. Karavani iliyotoka Marekani hita yake ni ya volti 120, na sisi tuna 230. Ukilichomeka hivi hivi, hita imeungua kabla hujarudi kukaa.

Halafu suala la usawa. Kwa kuwa hakuna mota ya kusukuma, kila kitu humo ndani kinatiririka chenyewe. Friji likiinama, kimiminika kinatuama, sehemu ya moto inaungua kavu, na mwisho njia inaziba kabisa. Kwa hiyo tumia pima maji, mbele na ubavuni. Likishakaa sawa, liache usiku mzima ndipo uwashe. Na usitegemee barafu ndani ya saa moja. Hili ni friji la subira, lipe mpaka kesho yake. Kama kule chini kuna moto mkali na kulipokucha ndani bado kuna joto, limeziba. Mafundi wa zamani huliacha lipoe, wanalipindua kichwa chini kwa saa kadhaa, kisha wanalisimamisha siku nzima. Wakati mwingine linakubali. Likikataa mara ya pili, mimi ningeacha.

Kwa Dar kuna adui mwingine, joto letu. Mtambo huu unatupa joto nyuma, na Januari hewa yenyewe iko 32. Liweke kivulini, nyuma kuwe na upenyo wa hewa chini na juu. Lisikae chumba mnacholala, kwa sababu moto wa gesi kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, kama ile ya jiko la mkaa.

Chanjo nyingi za kuku zinataka nyuzi 2 hadi 8. Mkono wako hauwezi kupima hilo, wala ubaridi wa soda. Niliwahi kufika banda moja Buguruni, vifaranga wamechanjwa Gumboro kwa wakati na bado wanakufa. Tukaweka kipimajoto kwenye friji lao, kikasoma 15. Chupa za chanjo zilikaa humo wiki nzima, na mwenye banda alikuwa na hakika ziko baridi.

Kwa hiyo kabla ya kuingiza chanjo, nunua kipimajoto, kiweke katikati ya friji, jaza chupa za maji nafasi zilizobaki ili zishike ubaridi. Andika asubuhi na saa 8 mchana kwa siku saba. Likipita 8 mchana hata siku mbili, litumie kwa maji ya kunywa. Likishuka chini ya 2, punguza moto, kwa sababu chanjo za mafuta zikiganda zimekwisha. Chanjo isikae mlangoni, wala isigusane na ukuta wenye barafu.

Chanjo ya mdondo aina ya I-2, inayotengenezwa Kibaha, inavumilia joto kuliko nyingine, ndiyo maana inafika vijijini. Gumboro haina uvumilivu huo. Na kama kuku wako ni 200 tu, kwa maoni yangu friji la nini? Nenda Kariakoo siku ileile ya kuchanja na deli lenye barafu, funga chupa kwa gazeti zisigusane na barafu, rudi moja kwa moja, chanja jioni jua likipoa.