Kinyonga wa Pembe Tatu: Maarufu Ugenini, Mgeni Kwao

Kinyonga ni wa ukoo wa mijusi, na miongoni mwa vinyonga wa Kenya yumo mmoja ambaye dume wake ana pembe tatu usoni. Makao yake ni nyanda za juu, kutoka Nairobi hadi miteremko ya Mlima Kenya. Lakini muulize mwanafunzi wa Ruiru au Thika habari zake. Yamkini atakutazama tu.

Ugenini anajulikana sana. Mtaalamu George Boulenger alimpa jina la kisayansi mwaka 1896, kwa heshima ya Frederick Jackson, aliyekuja kuwa gavana wa Uganda. Mwaka 1972 vinyonga kadhaa walipelekwa Hawaii kutoka Kenya, wakaachiliwa katika ua wa mfanyabiashara wa wanyama. Walizaana na kuenea, hata leo wanahesabiwa huko kuwa wasumbufu, kwa kuwa hula konokono asilia wa visiwa hivyo.

Katika Orodha Nyekundu ya kimataifa ya viumbe, amewekwa katika daraja la wasiotia wasiwasi mkubwa. Wapo watakaouliza: basi tatizo liko wapi? Nami nasema tatizo limo humo humo. Daraja hilo hupima spishi yote, kote inakoishi, halipimi Ruiru. Kiumbe aweza kutoweka katika mji mzima na daraja lake lisibadilike hata chembe.

Na Ruiru inabadilika upesi. Sensa ya 2009 ilihesabu wakazi 238,858 mjini humo. Ile ya 2019 ikahesabu 490,120. Mashamba ya kahawa yamegeuka mitaa. Nipitapo barabara ya Thika, naona kuta za mawe mahali palipokuwa na ua wa michongoma. Siwalaumu wajenzi, maana watu wanahitaji makao. Hata hivyo, kinyonga hana mbio wala mabawa. Tingatinga lifikapo, humkuta pale pale. Isitoshe, jike wa spishi hii hatagi mayai, bali huzaa watoto hai baada ya kubeba mimba kwa miezi kadhaa. Auawapo, kizazi kizima huenda naye.

Adui wa pili ni hofu. Wabantu wengi husimulia habari za kinyonga aliyetumwa na Mungu kuwapelekea wanadamu ujumbe wa uzima, akachelewa njiani, mauti yakatangulia. Hadithi hiyo ni urithi, na ifundishwe. Lakini mtoto asiitumie kuwa sababu ya kumrushia mawe mnyama asiye na sumu, ambaye chakula chake ni wadudu.

Walimu wenzangu, kazi hii haihitaji fedha nyingi. Mwalimu wa bayolojia na darasa lake waweke daftari: vinyonga wangapi wameonekana, katika mti gani, mwezi gani. Shule za bweni zaweza kutafuta usiku kwa kurunzi, kwani kinyonga alalapo rangi yake hupauka, akaonekana kwa urahisi. Asishikwe, ahesabiwe tu. Na ua wa shule ukikatwa, ukatwe upande mmoja kwa wakati mmoja, ili aliyemo apate pa kuhamia.

Daftari la namna hiyo, likiandikwa kwa miaka mitano, litatuambia habari za Ruiru na Thika ambazo orodha ya dunia haiwezi kutuambia. Tusingoje kuulizana alikwenda lini.