Nafasi ya Baiskeli Barabarani (Sehemu ya Pili): Njia Zinazoondolewa Bila Amri

Njia ya baiskeli, kwa maana ya kihandisi, ni ukanda wa barabara uliotengwa kwa mistari, kwa ukingo wa zege au kwa tofauti ya kimo, ili mwendesha baiskeli asilazimike kugombea nafasi na magari. Katika sehemu kubwa ya miji ya Shinyanga, Kahama na Geita ukanda wa namna hiyo haujajengwa, na kazi yake hufanywa na bega la barabara, yaani ile sehemu iliyo nje ya mstari wa njia ya magari, ambayo wahandisi huikusudia zaidi kwa magari yaliyoharibika na kwa kuilinda lami isimomonyoke. Kwa hiyo suala la kuondoa njia za baiskeli, ambalo kwingineko hufikishwa bungeni na mahakamani, katika miji hii huamuliwa bila mjadala wowote, kila bega linapogeuzwa kuwa maegesho ya malori, kijiwe cha bodaboda au eneo la biashara.

Uzito wa kupoteza bega hilo hauonekani bila kujua baiskeli ina nafasi gani katika maisha ya Usukuma, yaani eneo la Wasukuma ambalo miji hii imo. Eneo hili ni tambarare kwa sehemu kubwa, na fedha za pamba, hasa tangu vyama vya ushirika vya wakulima vilipounganishwa mwaka 1955 chini ya uongozi wa Paul Bomani, ziliwawezesha wengi kuimiliki baiskeli na kuifanya chombo cha familia. Mjini Shinyanga baiskeli inayobeba abiria kwenye keria huitwa daladala na huwapatia vijana wengi riziki ya kila siku; na katika machimbo ya wachimbaji wadogo mkoani Geita, kama Nyarugusu, baiskeli hushirikiana na pikipiki kubeba mifuko ya mawe kutoka maduara, yaani mashimo ya uchimbaji, hadi kwenye makarasha, ambazo ni mashine za kuvunja mawe hayo.

Wanaotaka bega la barabara liachiwe vyombo vya moto wana hoja. Bodaboda, ambazo kanuni za mwaka 2010 zilizitambua rasmi kuwa usafiri wa abiria, huwahisha wagonjwa na bidhaa, na malori yanayopakia mizigo katika bandari kavu ya Isaka kuelekea Rwanda na Burundi yanahitaji barabara pana. Hata hivyo, nguvu ya mgongano huongezeka kwa mraba wa kasi: gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo kasi inayoruhusiwa mijini, hugonga kwa nishati inayokaribia mara tatu ya ile ya gari linalokwenda kilomita 30. Mwendesha daladala aliyesukumwa kutoka begani huingia katikati ya nguvu hiyo akiwa na abiria mgongoni, bila kinga yoyote.

Kwingineko hoja kama hizo zimepimwa mahakamani. Nchini Kanada, jimbo la Ontario lilipitisha mwezi Novemba 2024 sheria ya kuondoa njia za baiskeli katika barabara za Bloor, Yonge na University jijini Toronto, kwa madai kwamba zinasababisha msongamano. Lakini Julai 2025 mahakama iliamua kwamba kuziondoa kungevunja haki ya uhai na usalama wa watu, kwa kuwa hatari ingeongezeka na ushahidi haukuonyesha kwamba foleni ingepungua. Uamuzi huo hauna nguvu ya kisheria Tanzania, lakini kipimo chake kinafaa kabisa hapa, kwa sababu anayetaka kuchukua nafasi ya mnyonge ndiye anayepaswa kuthibitisha faida.

Ujenzi wa njia za baiskeli peke yake nao hautoshi. Kando ya barabara ya mabasi yaendayo haraka, iliyoanza kutumika Dar es Salaam mwaka 2016, njia za waendao kwa miguu na baiskeli zilijengwa vizuri, kisha bodaboda na wachuuzi wakaingia humo kwa kukosa mahali pao. Shinyanga ingefuata mkondo huohuo iwapo ukingo wa zege ungejengwa kabla ya kutengwa vijiwe vya bodaboda na maegesho ya malori. Kazi hiyo, kwa bahati mbaya, imegawanyika: TANROADS husimamia barabara kuu na za mikoa, TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017, husimamia za mijini na vijijini, na halmashauri hupanga maeneo ya biashara. Sehemu ya tatu itachunguza ni taasisi ipi kati ya hizo inaweza kuanza, na kwa barabara ipi.