Sabuni, Magadi na Asili ya Chembe za Uhai

Mwenye kufua nguo katika mtaa wa Kaloleni, Makongeni au Jericho, upande wa mashariki wa mji wa Nairobi, hushika mikononi mwake kitu ambacho wataalamu wamekichunguza kwa miaka mingi. Sabuni iliyomo katika karai lake ni jamaa ya karibu ya ngozi nyembamba inayofunika kila chembe ya mwili wake.

Mtu, mwembe, kuku na hata kijidudu cha kipindupindu, vyote vimejengwa kwa chembe hai, ziitwazo seli. Tone moja la damu lina mamilioni ya chembe hizo. Sehemu kubwa ya chembe ni maji. Kilichobaki ni hasa kaboni, iliyo asili ya makaa, pamoja na haidrojeni, oksijeni, naitrojeni, na fosforasi na salfa kidogo. Vitu hivi vyote hupatikana katika udongo, maji na hewa. Ajabu ya chembe, basi, haimo katika vitu vyenyewe, bali katika mpango wake.

Kila punje ya sabuni, ndogo isiyoonekana kwa macho, ina kichwa na mkia. Kichwa hupenda maji; mkia huyakimbia na kushikamana na mafuta. Ndiyo sababu sabuni hutakasa sufuria: mikia hujichoma ndani ya mafuta, vichwa hubaki nje, na maji huyachukua yote pamoja. Ngozi ya chembe hai nayo imefanywa kwa mafuta yenye kichwa na mkia. Yakiwa majini hujipanga safu mbili, mikia ikielekeana katikati, mpaka yakafanya kifuko. Katika maabara, hata mafuta ya kutengenezea sabuni yameonekana yakijifunga hivyo yenyewe. Kwa hiyo wataalamu wengi hudhani kwamba chembe za kwanza, zilizokuwapo duniani yapata miaka milioni 3,500 iliyopita au zaidi, zilikuwa na ngozi ya namna hiyo.

Lakini kifuko kitupu si uhai. Mwaka 1953 Stanley Miller, wa Chuo Kikuu cha Chicago, alionyesha kwamba cheche za umeme zikipitishwa katika hewa maalumu na mvuke wa maji, hutokea asidi za amino, ambazo ndizo matofali ya protini. Hata hivyo lilibaki tatizo la fosforasi. Bila fosforasi hakuna DNA, ule uzi unaobeba urithi wa mzazi kwa mtoto. Na katika maji ya kawaida, kalisi iliyo asili ya chokaa huikamata fosforasi na kuizamisha kama jiwe.

Jibu moja limeonekana karibu na Nairobi. Mwishoni mwa mwaka 2019, Jonathan Toner na David Catling wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walieleza habari za maziwa kama Ziwa Magadi, lililo katika Kaunti ya Kajiado. Humo, magadi, yale yale yanayolainisha maharagwe jikoni, huikamata kalisi kwanza, na fosforasi huachwa huru. Katika maziwa ya jinsi hiyo fosforasi yaweza kuzidi ile ya bahari hata mara 50,000. Hii si kusema kwamba uhai ulianzia Magadi, kwa maana Bonde la Ufa ni changa mno. Bali huenda ulianzia katika maziwa ya kale yaliyofanana nalo. Shauri halijakwisha, kwa kuwa chumvi nyingi huvunja vifuko vya mafuta, na wataalamu wengine hushikilia chemchemi za moto zilizo chini ya bahari.

Maarifa haya yana faida nyumbani. Ugonjwa wa korona ulipotangazwa kuingia Kenya tarehe 13 Machi 2020, ndoo za maji na sabuni ziliwekwa milangoni mwa maduka. Kirusi cha korona si chembe hai, lakini hujifunika kwa mafuta kiliyoyachukua katika chembe kilimotoka, na mikia ya sabuni huyapenya mafuta hayo na kuyapasua. Vijidudu vya kipindupindu huondolewa hasa kwa kusuguliwa na kusukumwa na maji. Basi haifai mikono iloweshwe tu. Yapasa isuguliwe kwa sabuni muda wa sekunde 20, kabla ya kupika na kula na baada ya kutoka chooni, kisha isuuzwe kwa maji yanayotiririka.